Nasaba ya Silvey kando ya kinu cha mbao

Katika miaka ya mwisho ya 1930 na ya mwanzo ya 1940, bibi mmoja aliyekwisha kula chumvi nyingi aliketi mara kadhaa mbele ya Meja J. S. Matthews, mhifadhi wa nyaraka za jiji la Vancouver, magharibi ya Kanada, akamhadithia harusi ya wazazi wake. Bibi huyo ni Elizabeth Walker, na jina la ukoo alilozaliwa nalo ni Silvey. Alisimulia jinsi mitumbwi ilivyovutwa pwani, mtumbwi ubavuni mwa mtumbwi, na jinsi machifu wawili walivyosimama, mmoja akamshika bwana harusi na mwengine bibi harusi, wakawakutanisha, na huo ndio ukawa ufungaji wa ndoa. Mablanketi yaligaiwa kwa kurushwa juu ya watu, kama desturi ya wenyeji ilivyotaka, na mwisho maharusi wakapandishwa mtumbwi mkubwa, wakaketishwa juu ya rundo la mablanketi mengine, wakapelekwa kwao.

Elizabeth hakuiona harusi hiyo, kwa kuwa yeye ni tunda lake. Alizaliwa yapata mwaka 1867. Aliisikia kwa waliokuwepo, akaihifadhi kifuani kwa zaidi ya miaka sitini, na Matthews alipoiandika, harusi ikawa imeingia katika karatasi kwa mara ya kwanza. Mtafutaji wa nasaba anayeanza na vitabu vya serikali haikuti popote. Hakuna cheti, hakuna shahidi aliyetia sahihi, hakuna tarehe. Na bila ya harusi hiyo, ukoo wa Silvey unaning'inia hewani.

Baba alikuwa Joseph Silvey, ambaye watu wa zama zake walimwita Joe Mreno. Alitoka Pico, moja ya visiwa tisa vya Azores katikati ya Bahari ya Atlantiki, kisiwa cha mawe meusi ya volkano chenye mlima wa mita 2,351, mrefu kupita yote katika milki ya Ureno. Ardhi ya Pico haimshibishi kila azaliwaye juu yake. Merikebu za Kimarekani za kuwinda nyangumi zilipokuwa zikipita visiwani humo katika karne ya 19, zilijaza upungufu wa mabaharia kwa vijana wa pale, na wengi wao hawakurudi tena. Silvey alikuwa mmoja wao. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1860, wakati habari za dhahabu ya mto Fraser zilikuwa zimekwisha kuwavuta maelfu ya watu, alikuwa amekwisha kuiacha merikebu na kutia nanga ya maisha yake katika koloni la Uingereza lililoitwa British Columbia.

Jina lenyewe ni mtihani wa kwanza. Mtu huyu mmoja anaonekana katika karatasi mbalimbali kuwa ni Silvey, au Silvia, au Simmonds. Yeye mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika, hivyo kila karani aliandika alichokisikia, na karani wa Kiingereza akisikia Kireno hukisikia kwa sikio la Kiingereza. Anayefuata herufi atahesabu wanaume watatu. Anayefuata mke, watoto na mahali pa kukaa atamkuta mmoja tu.

Mama alikuwa Khaltinaht, ambaye wazungu walimwita Mary Ann. Alikuwa na damu ya watu wa Musqueam na wa Squamish, wenyeji wa mwambao huo tangu kale isiyohesabika, na babu yake alikuwa Kiapilano, chifu ambaye jina lake, likiwa limegeuzwa kidogo na ndimi za wageni, bado limo katika mto na daraja mashuhuri la mji. Familia husimulia kwamba Silvey alimwona msichana huyo kijijini Musqueam, na kwa kuwa hakujua lugha, alimweleza mzee kwa ishara za mikono kwamba anamtaka awe mkewe. Mzee akaridhia kwa ishara vilevile. Hadithi kama hizi hunyooka kila zinaposimuliwa, na pengine palikuwa na mazungumzo marefu zaidi ya ishara mbili. Chifu mwenye akili hamwozi mjukuu wake kwa mgeni bila ya kupima faida. Mwaka 1867 Silvey aliukana uraia wa Ureno, akaapa kuwa raia wa Uingereza.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida katika hori la Burrard. Hori hilo ni ulimi mrefu wa bahari uingiao baina ya milima na msitu, na wakati huo msitu ulishuka hadi majini. Miti yake, mierezi na ile ya jamii ya misonobari iitwayo Douglas, ilikuwa minene hata watu kadhaa wakishikana mikono hawaizunguki. Kinu cha kwanza cha kupasua mbao kilijengwa upande wa kaskazini wa hori mwanzoni mwa miaka ya 1860, na mwaka 1865 kikaingia mikononi mwa Mmarekani, Sewell Moody, aliyekikuza hadi kijiji kizima kikaitwa Moodyville. Mwaka huo huo wa 1865 nahodha wa Kiingereza, Edward Stamp, alianza kufyeka rasi ya Brockton, upande wa kusini, ili ajenge kinu cha kushindana nacho. Mikondo ya maji hapo ilikuwa na nguvu mno kwa kufunga magogo, akalazimika kusogea mashariki kidogo. Mitambo yake ya mvuke ilianza kupasua mnamo Juni 1867. Kinu hicho baadaye kikaitwa Hastings, na mji wa Vancouver ulichipua kandokando yake, kama uyoga kando ya gogo.

Mji huo haukuwa mji wakati ule. Ulikuwa ni kinu, duka la kinu, mabanda ya wafanyakazi, na nje ya mpaka wa kinu, ambako mwenye kinu hakuwa na amri ya kukataza pombe, vilabu vya ulevi. Mwishoni mwa Septemba 1867 alifika Jack Deighton, Mwingereza mwenye mdomo mwingi, na pipa la wiski. Wafanyakazi wa kinu walikuwa na kiu kiasi cha kumsaidia kusimamisha kilabu chake kwa siku moja. Kwa lakabu yake mahali pale pakaitwa Gastown. Silvey naye alifungua kilabu chake jirani na hapo, na Khaltinaht akamzalia mabinti wawili, Elizabeth na Josephine. Kisha, mnamo miaka ya mwanzo ya 1870, Khaltinaht akafa. Umri wake haukufika hata utu uzima wa kati. Silvey aliachana na biashara ya ulevi na kuhamia rasi ya Brockton, pale pale ambapo Stamp alifyeka kisha akapaacha.

Wanaoandika tarikh ya miji ya mbao aghalabu huanza na mwenye kinu na kumaliza na msumeno. Lakini kinu hakiendi kwa msumeno peke yake. Magogo yalivutwa na maksai kutoka msituni juu ya njia iliyolazwa vipande vya miti, na njia hiyo ilibidi ipakwe mafuta ili magogo yateleze. Mafuta hayo yalitoka kwa papa wadogo waliovuliwa katika hori lile lile. Yaliwasha pia taa za vinu. Na waliovua hawakuwa waajiriwa wa kinu. Walikuwa ni wenyeji, na watu kama Silvey na jirani zake wa Brockton, ambao wengine walikuwa Wareno kama yeye, wengine Waskoti, na karibu wote wameoa wanawake wa Squamish au wa makabila ya jirani. Ng'ambo kidogo, katika bandari ya Coal, waliishi Wahawaii waliokuja kupakia na kupasua mbao, nao pia wakiwa wameoa wenyeji. Mahali pao pakaitwa Kanaka Ranch, na miongoni mwao ndimo lilimotoka jina la Nahanee, ambalo lipo hadi leo. Lugha ya kuwaunganisha wote hao ilikuwa Chinuk Wawa, lugha ya biashara yenye maneno machache yaliyookotwa kwa Wachinook, kwa Wafaransa, kwa Waingereza na kwa watu wa Nootka. Mtu aliweza kuposa kwa lugha hiyo, na kupatana bei ya samaki. Kumweleza hakimu tarehe aliyozaliwa lilikuwa ni jambo jengine.

Mnamo Septemba 1872 Silvey alioa tena. Mke wa pili, Kwahama Kwatleematt, au Lucy kwa jina la ubatizo, alitoka kwa watu wa Sechelt, kaskazini mwa hori. Ndoa hii ilifungwa mbele ya padri na kuandikwa. Ndiyo maana mtafiti aliyetegemea karatasi angeweza kwa urahisi kudhani kuwa nyumba ya Silvey ina mke mmoja, na kwamba wale mabinti wawili wakubwa wamezuka kutoka mahali pasipojulikana. Kwatleematt aliwalea pamoja na wake, na wake walikuwa wengi. Domingo, mzaliwa wa kwanza, alizaliwa Brockton mwaka 1874, na jina lake halikutoka Sechelt wala Uingereza. Mtu aliyekuwa hana hata herufi moja ya kuandika alikiandika kisiwa chake juu ya mtoto.

Silvey alivua kwa juya, na husemwa kuwa leseni ya kwanza ya juya iliyotolewa katika British Columbia ilikuwa yake. Ustadi wa kusuka nyavu ulikuwa nyumbani. Wake wa pwani ile walisuka kwa nyuzi za mimea kabla hawajaiona merikebu ya kwanza ya Kizungu. Skuli ya kwanza ya hori ilifunguliwa mwaka 1873 katika eneo la kinu cha Hastings, na wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa ni watoto wa nyumba hizo, baba kutoka mbali na mama wa hapo hapo. Miaka hiyo ya sabini ni kama uwanja mfupi wa maji matulivu. Watu walihitajiana. Hakuna aliyewauliza watoto wa Brockton wao ni nani, kwa sababu karibu kila mtoto wa hori alikuwa wa namna yao.

Sheria ilikuwa inakuja nyuma yao. Bunge la Kanada lilipitisha mwaka 1869 sheria iliyosema kuwa mwanamke mwenyeji akiolewa na asiyekuwa mwenyeji amepoteza uenyeji wake, yeye na kizazi chake. British Columbia ilijiunga na Kanada mwaka 1871, na amri hiyo ikatiwa tena katika Sheria ya Wahindi ya 1876, kama walivyoitwa wenyeji kwa kosa la kale la Wazungu. Haikuondolewa hadi 1985. Kwa hivyo mjukuu wa Kiapilano katika macho ya serikali hakuwa mtu wa Musqueam wala wa Squamish, na wanawe hawakuwa na haki ya kukaa katika ardhi ya mama yao. Katika macho ya wahamiaji wapya walioteremka kwa reli baada ya mji kupewa jina na mamlaka mnamo Aprili 1886, hawakuwa Wazungu pia. Baadhi ya familia zikaanza kunyamaza. Wazee waliulizwa asili yao wakajibu Mreno, wakaishia hapo. Sensa moja inamwandika mtu kuwa mwenyeji, inayofuata inamwandika mzungu, na mtu ni yule yule. Mtafiti wa nasaba anayekuta jambo hilo asikimbilie kusema karani amekosea. Mara nyingi aliyejibu alijua vyema anachokisema, na kwa nini.

Mwaka 1881 Silvey aliondoka. Rasi ya Brockton ilikuwa imo ndani ya ardhi iliyotengwa na serikali kwa ajili ya jeshi, na mwenye kujenga hapo hakuwa na hati. Alihamia kisiwa cha Reid, kidogo, kilichomo baina ya bara na kisiwa kikubwa cha Vancouver, akachukua ekari 160 kwa mujibu wa sheria, kwa jina lake. Kisiwani huko alivua, akapanda matunda, akafa mwaka 1902. Kwatleematt aliishi baada yake zaidi ya miaka thelathini. Mtu wa Pico alizeeka kisiwani, mbele ya maji, na safari hii ardhi ilikuwa yake.

Walioacha kuondoka ndio walioionja shubiri. Ile ardhi ya jeshi ilikodishwa kwa mji mwaka 1887, na Septemba 1888 ikafunguliwa kuwa bustani kubwa iitwayo Stanley Park. Ili kutengeneza barabara ya kuizunguka, vibarua walichimba katika kijiji cha kale cha Whoi Whoi, wakafukua chungu ya makombe ya vizazi na vizazi, wakayatandaza njiani yawe kokoto. August Jack Khatsahlano, aliyekuwa mtoto wakati ule, alimsimulia Matthews jinsi wapimaji walivyoikata pembe ya nyumba yao watu wakiwa ndani wakila. Makombe meupe yalifanya barabara nzuri, magazeti yaliisifu.

Kisha ikaja zamu ya Brockton. Mji na serikali waliwashitaki wakazi wa rasi kuwa ni maskwota, na mwaka 1923 shauri likasikilizwa. Sheria ilimruhusu mtu kuishinda Dola ikiwa ataonyesha kuwa yeye na waliomtangulia wamekaa mahali pamoja kwa miaka 60 mfululizo. Wakazi walitakiwa wathibitishe kwamba nyumba zao zilikuwapo mwaka 1863. Kwa namna gani? Wakaletwa wazee wa Squamish. Walijua nani alijenga wapi, nani alimwoa nani, mtoto gani alizaliwa katika chumba kipi; hawakuhesabu umri wao kwa miaka ya kalenda, na mawakili wa upande wa pili waliwabana hapo hapo. Mzee alisema alikuwa mtoto mkubwa wa kucheza pwani wakati nyumba fulani ilipojengwa. Mahakama ilitaka tarakimu. Nasaba, ambayo kwa wazee hao ndiyo hati yenyewe, ilionekana si ushahidi bali ni porojo. Shauri lilipanda rufani hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1925 familia zikashindwa.

Mmoja tu ndiye aliyetambuliwa, naye alikuwa Whoi Whoi. Ni Sexwalia, aliyejulikana kwa jina la Shangazi Sally, aliyekufa mwaka 1923. Haki yake ilithibitika kwa msaada wa ramani ya zamani, na mrithi wake, Mariah Kulkalem, alilipwa dola 15,500. Ramani ilichorwa na mgeni aliyepita. Maneno ya waliozaliwa hapo hayakutosha.

Inafaa kukumbuka kilichotokea kwa majengo. Mwaka 1930, baada ya kinu cha Hastings kufungwa, jumuiya ya wanawake waliozaliwa British Columbia ililiokoa duka la kinu, moja ya majengo machache yaliyopona katika moto mkubwa wa Juni 1886. Lilipakiwa juu ya tishari, likapitishwa baharini, likazunguka rasi ya Brockton, likateremshwa upande wa magharibi wa mji na kugeuzwa makumbusho ya waanzilishi. Mwaka uliofuata, 1931, nyumba za Brockton zilitiwa moto na mji wenyewe. Zilikuwa ni za umri huo huo au zaidi, na waliokaa ndani yake ni wana wa waanzilishi kwa maana yoyote ya neno hilo. Walioachwa ni ndugu wawili wa ukoo wa Cummings, wakikaa kama wapangaji katika nyumba waliyozaliwa. Tim Cummings alikaa hadi kifo chake mwaka 1958. Wakati huo huo mji ulikuwa ukinunua nguzo za kuchongwa kutoka Alert Bay, mamia ya kilomita kaskazini, ili wageni waone sanaa ya wenyeji. Leo nguzo za namna hiyo zimesimama Brockton.

Kazi ya kuunganisha vipande ilifanywa na mwanahistoria Jean Barman, aliyechapisha kitabu chake juu ya Silvey mwaka 2004, na mwaka uliofuata kingine juu ya familia za Whoi Whoi, Kanaka Ranch na Brockton. Hakuanza na nyaraka peke yake. Wajukuu na vitukuu walikuwa na picha, barua, visa vya jikoni, na majina ambayo hayakuwahi kufika kwa karani yeyote. Yeye aliyapanga kando ya sensa, madaftari ya ubatizo na mienendo ya shauri lile la 1923. Kichekesho chungu ni kwamba shauri lililowanyang'anya ardhi ndilo lililohifadhi maneno ya wazee, neno kwa neno, katika mafaili ya mahakama. Waliodharauliwa kizimbani wakawa mashahidi wakuu wa kitabu.

Mmoja wa vilembwe wa Joe Silvey na Kwatleematt ni mchongaji, Luke Marston, wa watu wa Stz'uminus. Alisafiri hadi Azores kuitazama ardhi alikotoka babu, kisha akachonga kwa mwerezi sanamu tatu: Joe, Khaltinaht na Kwatleematt. Zikamiminwa kwa shaba nyeusi, zikasimamishwa juu ya umbo la chambo cha samaki cha wenyeji, na chini yake zikapangwa mawe madogo meusi na meupe kwa ufundi wa Kireno. Zilizinduliwa Aprili 2015, kwenye rasi ya Brockton.

Katika Gastown nako kulikuwa na sanamu ya Jack Deighton, amesimama juu ya pipa lake. Baada ya mke wake wa kwanza, mwanamke wa Squamish, Deighton alimchukua mpwa wa mkewe, Quahail-ya, msichana wa miaka kumi na miwili. Tarehe 14 Februari 2022, katika maandamano ya kuwakumbuka wanawake wenyeji waliouawa na waliopotea, watu walifunga kamba sanamu hiyo na kuiangusha. Wake wawili wa Silvey bado wamesimama upande wa pili wa hori kutoka Moodyville, ambako kinu kilizima moto wake mwaka 1901.